Kabla Fundi Hajabonyeza: Mjadala wa Kibandani Mdandu

Hoja iliyo mezani ni hii: fundi asibadilishe programu ya kiwandani ya simu ya mteja kabla hajaisoma na kuitunza nakala yake. Kuflashi, yaani kuipakia simu programu upya, kuruti, yaani kujipa mamlaka kamili juu ya mfumo wake, kuweka mfumo mwingine, kung'oa programu zilizokuja na simu, vyote vimo.

Anayedhani hili ni la mafundi peke yao aende Mdandu, wilayani Wanging'ombe. Mkulima wa huko anaulizia bei ya viazi kwa simu, analipwa kwa simu, anamtumia ada mtoto aliyeko Njombe kwa simu, na dereva wa fuso aliyeko Makambako humpigia kujua kama mzigo uko tayari. Simu hiyo ikirudi kutoka kwa fundi ikiwaka vizuri lakini haishiki mtandao, shughuli zake zote zimesimama.

Mjadala nimeupanga kwa sauti tano. Wasemaji hawana majina kwa kuwa si watu fulani. Ni hoja zinazogongana kwenye vibanda vya mafundi, nami nimezipa vinywa. Yuko Fundi, mtu mzima katika kazi hii, aliyeanza enzi za Nokia. Yuko Kijana anayejifunza kwake. Yuko Wakala, dada wa kibanda cha miamala jirani. Yuko Mwalimu wa sekondari, na yuko Mama, mkulima wa viazi, mwenye simu iliyo mezani. Simu yenyewe ni Android ya bei ya chini yenye chipu ya MediaTek. Inawaka mpaka nembo ya kampuni, inajizima, inawaka tena.

KIJANA: Shikamoo mama. Imeanza lini kukwama?

MAMA: Marahaba mwanangu. Tangu juzi jioni. Ilisema inasasisha, ikazima, haijarudi. Mna picha za marehemu baba humo, na namba za wanunuzi wangu wote.

FUNDI: Kamwene mama. Ondoa wasiwasi, faili la simu hii ninalo. Sogea hapo penye jua, si muda mrefu utaondoka nayo.

KIJANA: Fundi, naomba niisome kwanza kabla hujaiandika.

FUNDI: Usome nini kwenye simu iliyokwama? Mfumo umeharibika, ndiyo maana imeletwa. Ukitunza nakala ya mfumo ulioharibika, umetunza uharibifu. Programu nzima ya toleo hili nimeishusha kwa bando langu mwenyewe, zaidi ya gigabaiti mbili. Mama anawahi gari, umeme wenyewe hauaminiki, na wateja wengine wanasubiri. Kila simu tukiisoma yote kabla ya kuigusa, tutafunga saa sita usiku.

WAKALA: Hapo fundi ana haki. Mimi nikileta simu ya kazi nataka irudi mezani leo hii. Mteja wa kutoa hela hanisubiri. Anavuka barabara kwa mwenzangu.

KIJANA: Dada, sijasema tuisome yote. Kumbukumbu ya simu imegawanywa vyumba vyumba. Kuna chumba cha mfumo wenyewe, hicho ndicho kikubwa, gigabaiti kadhaa. Kuna cha kuwashia. Kuna cha data za mwenye simu. Halafu kuna vyumba vidogo ambavyo watu hawavitaji: NVRAM, nvdata, vile viwili vya protect, na persist. Ukivijumlisha ni kidogo mno mbele ya hicho cha mfumo. Mfumo nitaupata kwa simu yoyote ya aina hii, hata kwa kuazima. Lakini NVRAM ya simu ya mama iko duniani mahali pamoja tu, ndani ya simu ya mama.

*

Hapa nawasimamisha kidogo, kwa sababu ubishi wote umebebwa na sentensi hiyo ya mwisho.

Simu ikiwa bado kiwandani hupimwa moja moja. Redio yake inarekebishwa ili iseme na mnara kwa nguvu sahihi katika kila masafa, na vipimo vya marekebisho hayo vinaandikwa ndani ya kifaa kile kile. Hapo hapo inaandikwa IMEI, namba ya tarakimu 15 inayokitambulisha kifaa mbele ya mtandao, mbili kama simu ni ya laini mbili. Inaandikwa pia anwani ya Wi-Fi na ya Bluetooth. Kwenye simu za MediaTek, ambazo ndizo zimejaa kwenye maduka yetu, taarifa hizo hukaa NVRAM na vyumba jirani vyake. Samsung wao walikiita chumba chao EFS, na waliokuwa na Galaxy S III wakati ule wanakumbuka kilichotokea EFS ilipoharibika: simu ilijipa IMEI ya kubuni inayoanza na 0049, namba moja kwa simu nyingi, na mtandao ukapotea.

Faili ambalo kampuni hulitoa kwa ajili ya kuflashi halina taarifa hizi, kwa sababu linatengenezwa kwa aina nzima ya simu, si kwa simu ya mtu. Ndiyo maana fundi anaweza kuwa na faili sahihi kabisa, akalipakia bila kosa, simu ikawaka safi, lakini ukipiga *#06# ukaambiwa IMEI si halali. Kinachosababisha ni mbofyo mmoja. SP Flash Tool, programu ya kompyuta inayotumiwa na mafundi wengi kwa simu za MediaTek, ina njia tatu za kupakia: kupakia tu, kusasisha, na kufuta kila kitu kisha kupakia. Hiyo ya tatu inafagia na NVRAM. Fundi aliyechoka, simu inayokataa njia ya kwanza, mteja aliyesimama mlangoni; mkono unaenda kwenye ya tatu.

Na Tanzania ya leo si mahali pa kukaa na simu isiyo na IMEI. Usiku wa Juni 16, 2016, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu zote ambazo namba zake hazikuwa halali. Wengi tunakumbuka wiki zile, watu wakituma IMEI zao kwenda 15090 kujua kama simu zao ni za kweli. Kenya ilikuwa imetangulia: Oktoba 1, 2012 iliamka na takriban simu milioni 1.9 zikiwa zimekatwa. Walengwa walikuwa watengenezaji wa simu bandia. Ila mtandao hauulizi namba imepoteaje. Simu halali iliyofutwa IMEI kibandani iko kundi moja na ile ya bandia.

*

FUNDI: Kijana unaongea kana kwamba IMEI ikipotea dunia imekwisha. Namba iko kwenye boksi, iko kwenye karatasi chini ya betri. Programu ya kuiandikia ninayo kwenye kompyuta hii. Dakika mbili.

MWALIMU: Samahani Fundi, hapo ndipo ninapoomba kuingia. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza mtu kubadilisha namba tambulishi ya simu. Iliwekwa kuzuia wezi wasiifanye simu ya wizi ionekane ya mtu mwingine. Sasa wewe unaandika namba ya kweli, ya simu ile ile, kwa nia njema, nakubali. Lakini akija mtu kukuuliza, utamwonyesha nini? Yeye anaona fundi ana programu ya kuandika IMEI yoyote kwenye simu yoyote.

FUNDI: Namrudishia mteja kilicho chake, Mwalimu. Sijamwibia mtu.

MWALIMU: Najua. Lakini anayerudisha nakala iliyosomwa kutoka kwenye simu hiyo hiyo hachapi tarakimu hata moja. Anarudisha chumba kama kilivyokuwa. Kwangu hiyo ni tofauti kubwa.

KIJANA: Tena Fundi, boksi lina IMEI tu. Halina vipimo vya redio. Ile simu ya itel uliyoiandikia IMEI wakati ule, mwenyewe si alirudi akasema nyumbani kwake haikamati?

FUNDI: Alirudi, ndiyo. Nikaijaribu hapa, ikakamata.

KIJANA: Hapa tuko karibu na mnara. Yeye anakaa bondeni.

WAKALA: Ee, hilo nimelielewa. Bondeni kwetu ukisogea hatua mbili mtandao umekwenda.

Ningependa mafundi wa miji mikubwa wasikie maneno hayo ya Kijana. Simu iliyopoteza vipimo vyake huweza kufanya kazi vizuri mtaa wa Aggrey, Kariakoo, au pale Makambako njia panda ambako minara haiko mbali. Redio iliyolegea hapo haionekani. Ipeleke kwenye vijiji vya Wanging'ombe vilivyojificha nyuma ya vilima, ambako hata simu nzima inatafuta mtandao, ndipo mwenyewe anaanza kupanda kichuguu kupiga simu na kulaumu kampuni ya mtandao. Fundi aliyemtoza hela hatajua kamwe, kwa sababu pale kibandani yeye aliona mistari yote imejaa.

*

FUNDI: Haya. Nikwambieni jambo. Enzi za Nokia, nikiwa na boksi la UFS, kile kifaa cha kuflashia, hakuna fundi wa maana aliyefuta simu bila kusoma kwanza PM, chumba cha vipimo vyake. Ukiifuta bila PM, simu inawaka inakuandikia wasiliana na huduma, basi, umeiua. Kwa hiyo mimi jambo hili sikulijua leo. Ninachosema ni kwamba simu zimebadilika. Hizi mpya zimefungwa. Ukichomeka waya, kompyuta inadai idhini ya kiwanda kabla haijakuruhusu kusoma hata baiti moja. Utasomaje?

KIJANA: Hizo zilizofungwa tutamwambia mteja mapema kwamba haisomeki. Aamue mwenyewe.

FUNDI: Na zile zinazosomeka, nani anakuhakikishia ulichosoma ni kizima? Nimeona vijana wanajisifu na bakapu, siku ya kuirudisha unakuta faili limejaa sifuri mwanzo mpaka mwisho. Walisoma anwani isiyo yake.

Kijana alinyamaza, na alistahili kunyamaza. Hoja hii ya Fundi ni nzito kuliko zile za umeme na muda. Kwenye SP Flash Tool ya kawaida, kusoma hakufanyiki kwa kutaja jina la chumba. Unafungua faili la ramani ya kumbukumbu, lile mafundi wanaloliita skata, unatafuta mstari wa NVRAM, unanakili anwani inapoanzia na urefu wake, unavijaza kwenye ukurasa wa kusoma. Unazima simu, unabonyeza kitufe cha sauti, unachomeka waya, mstari wa rangi unatembea, linatokea duara la kijani lenye alama ya vema. Duara hilo halisemi kwamba umesoma NVRAM. Linasema umesoma ulichoagiza. Ukiwa na skata ya toleo lingine la simu hiyo hiyo, umeagiza kipande cha mahali pengine, na kompyuta inakupongeza vile vile.

KIJANA: Basi nifanye hivi, Fundi. Nisome mara mbili, mafaili mawili, nilinganishe. Kisha nifungue moja nitazame ndani kama pana kitu, nitafute na IMEI ya mama kama programu yetu inaweza kuionyesha. Likiwa sifuri tupu, sigusi simu mpaka nimepata skata sahihi.

FUNDI: Na umeme ukikatika katikati?

KIJANA: Kusoma hakuui simu. Umeme ukikatika nikiwa nasoma, nachomoa, naanza tena. Ukikatika nikiwa naandika, hapo ndipo tunazika.

WAKALA: Sasa huko kusoma mara mbili ni muda gani?

KIJANA: Hivyo vidogo, dakika chache vyote. Kumbukumbu nzima ya gigabaiti 32 ndiyo inaweza kula nusu saa na zaidi.

WAKALA: Dakika chache si neno. Mteja wangu naye huchelewa zaidi ya hapo akitafuta namba ya siri.

*

Hata hivyo kuna mahali ambapo nusu saa hiyo ni halali, na Kijana alikosea kuiacha kirahisi. Simu ya Mama ilikuja imekwama. Mfumo wake hauna thamani ya kutunzwa, Fundi alisema kweli. Lakini simu nzima, inayofanya kazi, ambayo mwenyewe anataka iongezwe uwezo, hiyo ni kesi tofauti kabisa. Kijana wa chuo anataka kuiruti aondoe programu za matangazo zilizokuja nayo. Mwingine ana simu iliyoachwa na kampuni bila masasisho, anataka aiwekee LineageOS, mfumo wa watu wa kujitolea ulioanza Desemba 2016 baada ya mtangulizi wake, CyanogenMod, kufungwa. Hao wanaharibu kizima kwa hiari yao, na nakala ya kizima hicho ndiyo njia yao pekee ya uhakika ya kurudi nyumbani.

Watu husema mtandaoni faili lipo. Lipo, lakini la nani? Simu yenye jina moja dukani huweza kuwa na mbao tofauti ndani, vioo vya viwanda tofauti, matoleo ya nchi tofauti. Ukipakia faili la ndugu yake, simu inawaka kioo cheupe, au unagusa kushoto inajibu kulia. Ukipakia kianzishi kisicho chake, kile mafundi wanachokiita priloda, haiwaki kabisa. Nakala uliyoisoma mwenyewe kutoka kwenye simu yako haina mashaka hayo. Hata Magisk, programu ya kuruti iliyoanzishwa na John Wu mwaka 2016 ambayo inatumiwa na wengi, inafanya kazi kwa kutia kiraka kwenye chumba cha kuwashia cha toleo lile lile ulilonalo. Asiye na faili hilo la asili hana pa kuanzia, na simu ikikwama hana pa kurudia.

WAKALA: Mdogo wangu aliiruti simu yangu ya zamani, nikafurahi nafasi imeongezeka. Kesho yake programu ya benki ikakataa kufunguka. Ikasema simu si salama.

KIJANA: Ungekuwa na nakala ya asili, dada, angeirudisha ukafungua benki.

MWALIMU: Usimwahidi yote, mwanangu. Simu za Samsung zina fyuzi ya Knox ndani ya chipu. Ikishaungua kwa kupakia mfumo usio wa kampuni, hairudi, hata ukirejesha kila faili la kiwandani. Na kwenye simu nyingi, kufungua butiloda, programu inayowasha mfumo, ili uweze kuruti kunafuta data zote za mwenyewe papo hapo.

FUNDI: Ongeza na hili. Nakala inazeeka. Umesoma simu mwaka juzi, imesasishwa mara tatu, leo unairudisha ile ya zamani. Simu nyingine zina kizuizi cha kurudi nyuma, zinakataa, na nyingine zinakufa. Nakala iwe ya siku ya kazi.

Maneno ya Fundi hapo sina la kuongeza.

*

MAMA: Nimewasikia wote. Mimi niulize. Hiyo nakala mnayoigombea, ina picha za baba?

Kimya kilitanda kidogo, kisha Kijana akajibu kwa ukweli.

KIJANA: Hapana mama. Hivyo vidogo havina picha. Na hata tungesoma chumba chenye picha, simu za siku hizi zinakifunga kwa siri. Tangu Android 10, kila simu mpya inatakiwa kutoka ikiwa imefunga data ya mwenyewe, na ufunguo wake uko ndani ya chipu ya simu hiyo hiyo. Tukikinakili tunapata gigabaiti nyingi zisizosomeka. Kama hukuzihifadhi kwenye akaunti yako au kwenye memori kadi, tutajaribu kupakia mfumo bila kukigusa chumba hicho. Sikuahidi, lakini ndiyo njia.

MAMA: Kwa hiyo fundi angefuta yote, picha zingekwenda na sijaulizwa.

FUNDI: Ningekuuliza mama.

MAMA: Uliniambia nisogee penye jua.

Fundi hakujibu hilo. Mwalimu ndiye aliyeendelea.

MWALIMU: Na mimi nina wasiwasi wa upande mwingine. Tuseme nakala zote zinasomwa, kila simu ya kata nzima. Zinakaa wapi? Kwenye kompyuta hii, ambayo vijana wanacheza nayo muziki, na siku moja itauzwa. Humo mtakuwa na IMEI za watu, na kwa simu za zamani zisizofungwa mtakuwa na ujumbe wao na picha zao. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023. Taarifa ya mtu haikusanywi ikatupwa kwenye folda bila yeye kujua. Na mtu akichukua NVRAM ya simu ya mama akaiweka kwenye simu ya wizi, simu mbili zitatembea na namba moja. Polisi watamwendea nani?

KIJANA: Hilo sikuwa nimelifikiria.

FUNDI: Ndiyo maana mimi sitaki kutunza vitu vya watu.

MAMA: Msitunze ninyi. Nipeni mimi. Sisi tukijaribu mbegu mpya ya viazi, hatuli yote ya zamani. Tunabakiza, na tunaibakiza ghalani kwa mwenye shamba, si dukani kwa aliyetuuzia mpya. Si mmesema ni dogo? Liingie kwenye memori kadi yangu, mniandikie na jina la simu, mimi naweka pamoja na boksi.

WAKALA: Mama umemaliza.

FUNDI: Sawa. Lakini na mimi niseme la kwangu. Mteja akubali kulilipia. Kusoma ni kazi, kulinganisha ni kazi. Wanaonibana bei mpaka mwisho ndio wanaonifanya niruke hatua.

MAMA: Nitalipa. Ningelipa zaidi nikirudi bila mtandao.

*

Nimewaachia waseme kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia, kwa sababu kila mmoja alikuwa na kipande cha haki. Msimamo wangu ni huu.

Kusoma NVRAM na vyumba vyake jirani kabla ya kuandika chochote kuwe sharti la kazi, si hisani ya fundi mwema. Sababu za muda na umeme hazisimami: ni dakika chache, na umeme ukikatika wakati wa kusoma simu haidhuriki. Kinachosimama ni onyo la Fundi juu ya nakala mbovu, na dawa yake ni kusoma mara mbili na kulinganisha. Kwa simu nzima inayobadilishwa kwa hiari, isomwe yote ikiwezekana; ikishindikana, angalau chumba cha kuwashia na hivyo vidogo, siku hiyo hiyo ya kazi.

Nakala ni ya mwenye simu. Itoke naye mlangoni, na ya kompyutani ifutwe mteja akisharidhika kwamba simu inakamata mtandao nyumbani kwake, si kibandani. Hapa nasimama na Mama dhidi ya mafundi wote wawili, yule asiyetaka kusoma na yule aliyetaka kusoma bila kufikiria nakala zitakaa wapi.

Simu za mkopo sizijumuishi. Kuna wanaotaka kusoma nakala ya simu iliyofungwa na mkopeshaji ili wavue kufuli kisha waoneshe kwamba asili ilitunzwa. Simu ambayo haijamalizwa kulipwa bado ina mwenyewe wa pili, na nakala haihalalishi kumruka. Fundi airudishe mezani bila kuifungua.

Vyuo vinavyofundisha vijana ufundi wa simu, VETA na vingine, vianze somo la programu hapa. Kijana afundishwe kusoma kabla hajafundishwa kufuta, na mtihani wake uwe kurejesha simu aliyoifuta mwenyewe, kwa nakala aliyoisoma mwenyewe, mpaka *#06# ionyeshe namba zile zile na simu ipige.

Nawe msomaji, uwe Mdandu, Makambako au popote: kabla hujamkabidhi mtu simu, kama bado inawaka, hamisha picha na namba za watu. Piga *#06#, uandike IMEI zote kwenye daftari. Boksi usilitupe. Mpe fundi memori kadi tupu, umwambie unataka nakala ya NVRAM iingie humo kabla hajaandika chochote, na gharama yake mkubaliane hapo hapo. Akikujibu kwamba simu yako haisomeki, muulize kitatokea nini IMEI ikipotea, kisha uamue kama kazi ianze.